Safari ya Ngorongoro na Ziwa Natron: Mlima, Majani na Mfugaji



 

Kila likizo inapokaribia wanafunzi wetu hutuuliza, na wazazi nao hutuuliza, kuhusu safari za kutembezwa kule Bara: zinakwenda wapi, zinaonesha nini, na zina faida gani kwa mtoto aliyezaliwa Wete, Chake Chake au Mkoani, ambaye kilima kirefu kabisa alichowahi kukipanda hakifiki hata mita 150. Katika makala haya tumechagua safari moja tu, ile ya nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ziwa Natron, kwani ndani yake mna milima, maziwa na watu wanaoishi kwa kuhama na mifugo yao, yaani Wamasai. Baadhi yetu waalimu tumeshaifanya. Uzuri wa mandhari hatutausifu sana, maana picha zake zimejaa kwenye kalenda za ukutani. Tunalotaka kulieleza ni vipi mlima, ziwa, majani na mfugaji vimefungamana, kiasi kwamba ukikigusa kimoja vyengine vyote vinatikisika. Watembezaji wengi huvionesha vitu hivi kimoja kimoja, kama mtu anayetoa nguo sandukuni, na mgeni hurudi nyumbani na picha mia mbili bila ya kujua kwa nini ng'ombe wale walikuwa pale siku ile.

NJIANI

Anayetoka Pemba hupanda meli hadi Tanga, au hupitia Unguja na Dar es Salaam. Njia ya Tanga ndiyo tunayoipenda sisi, kwa kuwa milima huanza mapema. Basi hupita Segera na Korogwe, na mkono wa kulia huanza milima ya Usambara, kisha Upare, mpaka unapofika Moshi ambako Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huwa ama umejitokeza wote ama umejifunika mawingu na huuoni hata ukikaa siku nzima. Alfajiri na jioni ndizo nyakati zake. Arusha unaikuta chini ya Mlima Meru, mita 4,566. Kutoka hapo gari hupita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, mji ulio karibu na Ziwa Manyara, na mbele yenu ardhi inasimama kama ukuta. Ukuta huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Juu yake ni Karatu, na baada ya Karatu ni lango la Lodoare la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo kuliko anacholipa mgeni, hivyo basi kitambulisho kisisahauliwe nyumbani.

UPEPO WA BAHARI YETU

Ngorongoro ulikuwa mlima wa moto. Wataalamu wa miamba wanakadiria kuwa zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita kilele chake kilididimia ndani, pakabaki shimo kubwa la duara ambalo watu huliita kreta. Kina chake ni kiasi cha mita 600, na sakafu yake ina kilomita za mraba 260 hivi, sawa na kiasi cha robo ya kisiwa chetu cha Pemba. Chini kuna ziwa dogo la magadi, msitu, chemchemu, na wanyama wanaojulikana na kila mtu.

Sasa simama ukingoni uangalie pande mbili. Mashariki ni msitu mzito, miti imevaa kuvu na ukungu, asubuhi maji yanadondoka kwenye majani kama mvua. Magharibi, mwendo mfupi tu kwa gari, ni nchi kavu yenye vumbi na mkonge wa mwituni. Kwa nini? Ni kwa sababu ya upepo. Unyevu unaoinyeshea Ngorongoro hutoka Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu. Upepo ukiupeleka bara hukutana na milima, hulazimika kupanda, hupoa, na kuyaacha maji yake upande wa mashariki. Unapovuka kwenda magharibi umeshakauka. Mwanafunzi wa Pemba anayejua kusi na kaskazi hahitaji kufundishwa sana jambo hili. Upepo ule ule baba yake aliotwekea tanga ndio unaootesha majani ya ng'ombe wa Mmasai.

Kwenye upande huo mkavu ndipo lilipo korongo la Oldupai. Hapo mwaka 1959 Bibi Mary Leakey alilipata fuvu la kale sana ambalo lilipewa jina la Zinjanthropus, na neno "Zinj" ni jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliliita pwani yetu ya Afrika Mashariki, ndilo lililomo pia ndani ya jina la Zanzibar. Kuna makumbusho mazuri ya kutembelea.

MLIMA UNAOTOA MAGADI

Kaskazini ya Ngorongoro uko mlima mmoja uliochongoka, mrefu kiasi cha mita 2,960, ambao Wamasai wanauita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Wao humwomba Mungu, wanayemwita Enkai, wakiuelekea au wakiuendea mlima huu. Sisi tunajua kwamba mlima ni kiumbe miongoni mwa viumbe. Lakini kiumbe hiki ni cha ajabu kweli. Ndio mlima pekee duniani unaotoa lava ya magadi katika zama hizi zetu. Lava ya milima mengine hutoka na joto la nyuzi 1,000 hivi au zaidi, na hii hutoka na nyuzi 500 hadi 600 tu. Ni nyepesi, hutiririka kama maji ya tope, rangi yake ni nyeusi, na ikishapoa na kukutana na unyevu huanza kugeuka nyeupe, hata mtu wa mbali hudhani kileleni kuna theluji. Mara ya mwisho mlima huu kuripuka kwa kishindo kikubwa ilikuwa mwaka 2007 hadi 2008, majivu yakaruka na kuangukia malisho.

Majivu hayo ni maafa yanapoanguka, na ni neema baada ya miaka. Kwa karne nyingi upepo umeyapeleka magharibi, yakatanda juu ya tambarare za Serengeti na Ngorongoro. Chini yake pametengenezeka tabaka gumu kama saruji, mizizi ya miti haipenyi, na kwa hivyo huoti mti, bali huota majani mafupi tu yenye madini mengi. Majani hayo ndiyo yanayowaita nyumbu kila mwaka. Hukusanyika hapo wakati wa mvua kuzaa, baina ya Januari na Machi, kwani mama anayenyonyesha anahitaji madini hayo, na kwenye majani mafupi simba hana pa kujificha.

Ng'ombe naye anayataka majani hayo hayo. Lakini mfugaji wa Kimasai, wakati ambapo nyumbu wanazaa, huwaondoa ng'ombe wake tambarare na kuwapandisha juu milimani ambako majani ni marefu na si matamu. Mgeni akiona hivi atasema hawa watu hawajui mambo. Wanajua sana. Ndama mchanga wa nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye mwenyewe hakimdhuru, lakini ng'ombe akila majani yaliyochafuliwa nacho huugua homa kali, macho na pua hutoka maji, na kwa kawaida hufa. Ndama wanapopata umri wa miezi mitatu hivi hatari hupungua, na ng'ombe huweza kurudi. Wafugaji walilijua hili kabla ya kuwepo darubini ya kuviona virusi.

DAGO LA NCHI KAVU

Watu husema Mmasai anatangatanga. Neno hili si sahihi, na tungependa wanafunzi wetu wasilitumie. Anayetangatanga hajui aendako. Mfugaji ana malisho ya kiangazi na malisho ya masika, ana maji anayoyajua, ana sehemu za chumvi, na ana wazee wanaoamua nani aende wapi na lini. Ni sawasawa na wavuvi wetu wa dago. Mvuvi wa Pemba anayekwenda dago, akakaa Misali au akavuka hadi pwani ya Tanga na Kenya, hatangitangi baharini. Anafuata samaki, bamvua na upepo. Anajenga kibanda chake, na msimu ukisha anarudi. Ukimfungia mvuvi huyu katika mwamba mmoja mwaka mzima, atakula njaa na mwamba utakufa. Hivyo hivyo ukimfungia mfugaji katika malisho mamoja.

Wala si Wamasai peke yao. Huko Asia ya Kati kuna ndugu zetu Waislamu wa Kirigizistani, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambao wengi wao wangali wakipandisha kondoo, farasi na ng'ombe milimani kila wakati wa joto. Hukaa kwenye malisho ya juu kama yale yanayolizunguka ziwa la Song-Kul, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, ndani ya mahema ya duara yaliyofunikwa sufi ya kondoo iliyogandamizwa. Duara la juu la hema hilo, linapotokea moshi na kuingilia mwangaza, ndilo lililochorwa kwenye bendera ya nchi yao. Nao pia watalii huenda kutembezwa, na huoneshwa ziwa la Issyk-Kul ambalo haligandi hata kipupwe kikiwa kikali. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwalazimisha wafugaji hao kukaa mahala pamoja na ikawachukulia mifugo yao, na hasara ilikuwa kubwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1991 familia nyingi zilirudi tena na mifugo yao malishoni.

ZIWA NATRON

Turudi safarini. Kutoka Mto wa Mbu njia ya kwenda Natron hupita Engaruka, ambako chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna magofu ya mawe na mifereji ya watu waliolima kwa kumwagilia, na ambao kwa hesabu ya wataalamu waliishi hapo tangu karne ya 15 hadi ya 18. Kisha barabara huwa ya vumbi na mawe mpaka kijiji cha Engare Sero.

Natron ni ziwa lenye maji mengi na kina kidogo. Halifikii mita 3 kwenda chini. Mito inaingia lakini hakuna unaotoka. Maji hupungua kwa jua tu, na magadi yaliyooshwa kutoka milimani, ukiwemo Lengai, yanabaki. Ni magadi ya jamii ile ile tunayoyatia kwenye maharage, ila hapa ni mengi kiasi cha kuunguza ngozi. Sehemu nyengine za ziwa ni nyekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Tungedhani hakuna kinachoweza kuishi humo, kumbe ndiyo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki nzima. Hula vijimea vidogo sana vya majini, hujenga viota vya tope katikati ya magadi, na fisi au mbweha anayetaka mayai huogopa kuunguza miguu. Maji yale yanayomkataza adui ndiyo yanayomlea kifaranga.

Karibu na kijiji hicho zipo nyayo za binaadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya Lengai likagandamana kuwa jiwe. Wataalamu waliozitangaza mwaka 2016 wanasema ni za baina ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Unaona kisigino na vidole, na unaona kwamba mwengine alikuwa akienda mbio.

BOMANI

Karibu kila safari huwa na saa moja ya kuingizwa boma la Wamasai. Hapo mgeni hulipa, huchezewa ngoma, huoneshwa nyumba na kuuziwa shanga. Hatulaumu, kwani ni chumo lao la halali, lakini boma la maonesho ni kama duka. Ukipata kiongozi mwema atakupeleka boma la kawaida, jioni, ng'ombe wanaporudi. Hapo utaona kuwa nyumba, iliyojengwa kwa fito na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe, ni kazi ya wanawake. Na kwamba mtoto wa miaka minane anamjua kila ndama kwa rangi na kwa mama yake.

Maziwa huwekwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni, yakapata harufu ya moshi na yakakaa bila kuharibika upesi. Bibi zetu waliofukiza mitungi ya maji kwa ubani wangeelewa mara moja. Maziwa hayo ni halali na ni matamu. Ama damu ya ng'ombe, ambayo Wamasai kwa mila yao huitoa shingoni bila ya kumuua mnyama, kwetu ni haramu. Na nyama pia usile mpaka ujue imechinjwa na nani, kwani kwa mila yao mnyama huweza kuuliwa kwa kuzibwa pumzi. Kataeni kwa adabu, kwa mkono wa kifuani na neno zuri. Mwenyeji ameshakutana na Waislamu wengi na haoni vibaya.

KWANI WATAENDELEA KUWEPO?

Hili kiongozi wa watalii mara nyengine halisemi, na anayelinyamazia amekupa nusu ya safari.

Wamasai hawa waliambiwa kuondoka Serengeti. Mwaka 1958 wazee wao walikubaliana na serikali ya Waingereza watoke, na mwaka 1959 likaundwa eneo la Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, ambalo sheria yake ilikuwa na jambo lisilo la kawaida: wanyama wa mwituni na wafugaji wakae pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa. Kilimo kilikatazwa, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena. Watu walikuwa kiasi cha 8,000 mwaka 1959, na hesabu za serikali za miaka ya karibuni zimepindukia 100,000. Serikali inasema eneo limeelemewa, na kuanzia Juni 2022 imekuwa ikiwahamishia walioandikisha majina kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, ambako hupewa nyumba na mashamba. Wengi waliobaki wanasema waliahidiwa mwaka 1959 kukaa, na kwamba huduma kama skuli na hospitali zimefifishwa ili wachoke. Agosti 2024 maelfu yao walikaa barabarani siku kadhaa, baada ya tangazo la kuvifuta vijiji vyao, na Mahkama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Disemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao Arusha akaahidi tume mbili, moja ya mzozo wa ardhi na moja ya zoezi la kuhama, na mwaka 2025 zikateuliwa.

Sisi si makadhi wa jambo hili. Lakini watu wa Pemba hatulisikii kama ngano za mbali. Katika miaka ya 1990 ilikuwepo azma ya kuweka hoteli ya watalii katika kisiwa cha Misali, na wavuvi wa dago walipinga. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi ambayo wavuvi wenyewe wamo ndani yake: upande wa magharibi pakawekwa sehemu isiyovuliwa, na kwengine kote uvuvi ukaendelea kwa masharti. Wapo wanaolalamika hadi leo, na sheria huvunjwa, lakini waliokitumia kisiwa waliulizwa. Tunaona hiyo ni tafauti kubwa. Mwanafunzi atakayefika Ngorongoro na amuulize mfugaji swali hilo hilo: mliulizwa? Kisha amsikilize hata kama jibu ni refu, na amuulize na askari wa hifadhi pia.

MAMBO YA KUCHUKUA

Baridi ya ukingoni, mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, haifanani na kitu chochote cha kwetu. Mwezi wa Juni na Julai usiku mtoto wa Pemba hutetemeka mpaka meno yagongane. Sweta mbili, soksi na kofia. Natron ni kinyume chake, joto na vumbi, na maji ya kunywa yachukuliwe mengi. Mvua za masika huharibu barabara ya Natron, hivyo likizo ya Juni ni bora kuliko Aprili.

Sala zifupishwe na kukusanywa kwa masharti tuliyosomeshana darasani. Ama kibla, hapa Pemba tunaelekea kaskazini takriban moja kwa moja, kwani Makka iko karibu juu ya mstari wetu. Ngorongoro iko magharibi yetu, kwa hivyo huko mtaelekea kaskazini mkilemea mashariki kidogo. Mliosoma dira mtaweza kukadiria wenyewe kabla hamjamuuliza dereva.

Picha usimpige mtu bila ya idhini yake, awe mtoto au mtu mzima. Bei ya shanga huulizwa kabla ya kuvaa. Na viatu vya kamba miguuni haviwezi kupanda Lengai. Mlima huo hupandwa usiku, na kiongozi anayejua njia, na si kwa watoto.